Kutoka Isimani hadi Mzingile: Kezilahabi na Suala la Bunilizi ya Kisayansi

Katika nchi nyingi, bunilizi ya kisayansi imeenea kwa televisheni, na waandishi wake kujulikana kupitia tamthiliya za mfululizo. Tanzania Bara haikupitia njia hiyo. Kituo cha kwanza cha televisheni kilianza kurusha matangazo mwaka 1994, miaka mingi baada ya Zanzibar. Kwa hiyo, msomaji wa Iringa au Mbeya alikutana na dunia iliyoangamia katika vitabu viwili vyembamba, Nagona (1990) na Mzingile (1991), vya Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe.

Riwaya hizi zimezoeleka kuhakikiwa kama tukio la ghafla: mwanauhalisia wa Rosa Mistika (1971) aligeuka mwanafalsafa. Maelezo hayo yanaruka hatua moja, na hatua hiyo inapita Nyanda za Juu Kusini. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, katika mvutano wa utekelezaji wa sera ya ujamaa. Mwamwindi mwenyewe aliupeleka mwili huo kwa polisi mjini Iringa, na baadaye akanyongwa. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini, mkulima tajiri anayekabiliwa na kupoteza shamba, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Ulinganifu huo hauhitaji kusisitizwa. Lililo muhimu zaidi ni kwamba riwaya haimpi ushindi muuaji wala dola. Miaka minne baadaye, Gamba la Nyoka inaendeleza shaka ileile kuhusu vijiji vya ujamaa.

Mandhari ya Mzingile yanafaa kusomwa kutokana na shaka hiyo. Ahadi ya jamii mpya ilipokwisha kuhojiwa kwa mbinu za uhalisia, mwandishi aliivunja dunia yenyewe: maangamizi yanapita, na mwanamume na mwanamke wanabaki na mzigo wa kuanza upya. Katika Nagona, msimulizi anapita mji uliokufa na kukutana na Plato, Marx, Freud na Nietzsche, ambao hawamwokoi.

Je, hii ni bunilizi ya kisayansi? Kwa kigezo cha mitambo na vyombo vya angani, sivyo. Hata istilahi ya uhalisiajabu, inayopendwa na wahakiki, inazibana mno. Lakini kama kigezo ni kuiweka jamii katika wakati usiokuwapo ili mfumo wake wa maarifa uhojiwe, Mzingile inastahili kuingizwa. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, na riwaya zinaonekana kuitafutia hoja hiyo umbo la kisanaa.

Njia hiyo ilifuatwa, kila mmoja kwa namna yake, na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) na K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002). Mjini Iringa, wakati huohuo, walimu wanaendelea kuandaliwa katika chuo cha ualimu kinachoitwa Kleruu. Mwamwindi hana chuo, ila Tumaini yupo katika riwaya.