Silensa ikicheza, mwenye gari asikimbilie kununua vipuri

Kwa mkulima wa nyanya au mchuuzi wa mbogamboga, gari dogo la mizigo ni mtaji unaotembea. Injini inapoanza kutetemeka na kuzimazima kila gari linaposimama, hasara haiishii gereji. Mzigo huchelewa sokoni, nyanya hupasuka na bei huwa imeshashuka.

Silensa ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Injini nyingi za petroli zikishapata moto huzunguka kati ya mara 600 na 900 kwa dakika. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mwendo huwa juu zaidi kwa dakika chache, na huo si ubovu.

Injini ikiwa silensa hutumia hewa na mafuta kidogo sana, ndiyo maana hitilafu ndogo isiyosikika barabarani hujitokeza hapo. Petroli huungua vizuri inapopata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Chochote kinachovuruga uwiano huo, au kinachodhoofisha cheche, huifanya injini iyumbe.

Chanzo cha kwanza ni hewa inayopenya isikotakiwa. Mipira midogo ya hewa hukauka na kupasuka kwa joto. Dalili zake ni sauti kama mluzi na silensa kupanda na kushuka. Kuikagua injini ikiwa imezimwa na kupoa hakugharimu hata shilingi. Kumwagia petroli ili kutafuta tundu ni kukaribisha moto. Mpira unaokwenda kwenye kisaidizi cha breki ukipasuka, pedeli nayo huwa ngumu. Gari hilo lisipakiwe mzigo hadi litengenezwe.

Chanzo cha pili ni uchafu. Kwenye barabara za vumbi chujio la hewa huziba mapema, na masizi huganda kwenye mlango wa hewa na vali ya silensa. Mara nyingi dawa ni kusafisha, si kununua kipya. Baadhi ya magari yanayotumia kompyuta badala ya kabureta huhitaji kurekebishiwa silensa baada ya kusafishwa au betri kuchomolewa.

Cha tatu ni cheche. Suzuki Carry, maarufu kama kirikuu, zenye injini ya cc 660 zina silinda tatu tu. Plagi moja, waya au koili ikifa, theluthi moja ya nguvu hupotea na gari zima hutikisika. Mafundi huita hali hiyo misi. Kuendelea kuliendesha hivyo ni kuunguza mafuta bure na kuharibu ekzosi.

Cha nne ni mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huungua vibaya na kuacha masizi. Nchini Tanzania, EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini uchakachuaji. Mnunuzi ajaze kwenye kituo kinachoaminika na atunze risiti. Gari likibadilika mara baada ya kujaza, ana pa kuanzia.

Wapo wanaopandisha silensa kwa skrubu ili gari lisizime. Hiyo ni kuficha ugonjwa: mafuta huliwa zaidi na chanzo kinabaki palepale.

Ni vema kuanza na visivyo na gharama, yaani mipira na chujio, kisha plagi, kisha usafi wa mlango wa hewa. Pampu, nozeli na sensa zije mwisho. Gari likipimwa kwa kompyuta, fundi aeleze kilichoonekana kabla kipuri hakijanunuliwa, na cha zamani kikishatolewa akirudishe kwa mwenyewe. Mwenye gari anayefuata utaratibu huo hulipia ubovu uliopo, si kubahatisha kwa fundi.