Mtoto akiendesha, usimnyime maji

Ni saa sita za usiku katika mtaa kama Kayole au Umoja jijini Nairobi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameendesha mara tano tangu jioni, na kila akipewa kitu anatapika. Kliniki ya karibu imefungwa, matatu zimeadimika, na jirani aliyeamshwa anatoa ushauri ambao wazazi wengi wamewahi kuusikia: "Usimpe chochote mpaka tumbo litulie."

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kumwua mtoto. Ugonjwa wa kuhara unapoua, mara nyingi ni kwa sababu mwili umeishiwa na maji na chumvi. Mtoto mdogo hana akiba kubwa ya maji na anaweza kulegea kabisa katika muda wa saa chache. Kumnyima maji ni sawa na kuacha kujaza mtungi unaovuja. Mtungi hauachi kuvuja, ila unakauka upesi zaidi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mzazi si kufunga tumbo, bali ni kurudisha maji yanayopotea. Kazi hiyo inaweza kuanza nyumbani, usiku huo huo.

Siri ya chumvi na sukari

Maji matupu hayatoshi, kwa sababu mtoto anapoteza pia chumvi. Hata wakati wa kuhara, utumbo huweza kufyonza chumvi na sukari zikiwa pamoja kwa kipimo kinachofaa, nayo maji hufuata. Hiyo ndiyo kazi ya unga wa ORS unaouzwa katika maduka ya dawa na kutolewa katika vituo vya afya.

Uwezo wa dawa hii ulidhihirika mwaka wa 1971, wakati kipindupindu kilipozuka miongoni mwa wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia Bongaon, India. Maji ya kutundika mishipani yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari, na jamaa zao ndio waliosaidia kuwanywesha. Vifo katika kambi hiyo vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Jinsi ya kuchanganya

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji ya kunywa, kisha uyaache yapoe. Soma maandishi kwenye pakiti, kwani kuna za nusu lita na za lita moja. Tumia chombo chenye kipimo cha hakika, kama vile chupa ya plastiki ya maji iliyoandikwa mililita 500. Chupa ya kawaida ya soda ya kioo haifiki nusu lita. Mimina unga wote kwa mara moja, wala usiongeze sukari, maziwa au soda. Maji yakibaki baada ya saa 24, yamwage na uchanganye mengine.

Ikiwa huna pakiti na maduka yamefungwa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Onja kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kushinda machozi, yamwage na uanze upya, kwani chumvi nyingi ni hatari. Mchanganyiko huu ni wa kusaidia mpaka upate pakiti.

Jinsi ya kumnywesha

Kila anapoendesha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kati ya robo na nusu kikombe. Aliyetimiza miaka miwili au zaidi apewe kati ya nusu kikombe na kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, usikate tamaa. Ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole, kijiko kimoja baada ya kingine.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Aliyeanza kula apewe chakula laini kama vile uji, viazi vilivyopondwa au ndizi. Akipona, mwongeze mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili ili arudishe uzito wake. Epuka soda, chai yenye sukari nyingi na maji ya gulukosi, kwa sababu sukari nyingi huzidisha kuhara.

Pamoja na ORS, mtoto anahitaji tembe za zinki, ambazo hupunguza makali ya ugonjwa na muda wake. Mtoto wa miezi 6 au zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Maliza siku zote hizo hata kama kuhara kumekoma.

Mambo ya kuepuka

Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo zinazotumiwa na watu wazima. Vilevile, usinunue dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa na daktari. Mara nyingi kuhara kwa watoto husababishwa na virusi, na dawa hizo haziviui.

Wengine husema mtoto anaota meno, na wengine humpeleka kukatwa ufizi ili kung'olewa yanayoitwa meno ya plastiki. Kidonda hicho huleta maambukizi mengine, na maji yanaendelea kupotea.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Usingoje kupambazuke ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepatwa na kifafa cha homa au degedege, amelegea na haamki vizuri, au kinyesi kina damu. Tazama pia macho yaliyoingia ndani, na ukifinya ngozi ya tumbo uone kama inarudi polepole. Kukosa kukojoa kwa saa sita ni dalili mbaya. Mkiwa njiani, endelea kumpa ORS kwa kijiko ikiwa anaweza kumeza.

Mtoto wa chini ya miezi miwili, aliyekonda sana, au ambaye hajapata nafuu baada ya siku tatu, ni lazima aonwe na mhudumu wa afya.

Kinga nayo ipo. Mwaka wa 2014 Kenya iliingiza chanjo ya virusi vya rota katika chanjo za kawaida za watoto wachanga. Hakikisha mtoto wako ameipata kwa wakati wake. Chemsha maji ya kunywa na unawe mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumbadilisha mtoto nepi na kabla ya kumlisha.

Kabla ya kulala leo, angalia kabatini mwako. Kama hamna pakiti mbili za ORS, kesho upitie duka la dawa. Gharama yake ni ndogo, na ugonjwa wa mtoto hauchagui saa ya kubisha hodi.