Je, Wajua? Michoro ya Kale, Kuta za Gede na Kamera Yako

Je, wajua kwamba korongo la Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi, bado linachongwa na mvua hadi leo? Kuta zake nyekundu, za chungwa na nyeupe ni mchanga laini unaomomonyoka msimu baada ya msimu. Wenyeji huliita Nyari, na husimulia juu ya familia tajiri iliyooga maziwa badala ya maji hadi Mungu akaididimiza ardhini: weupe ni maziwa yao, wekundu ni damu yao. Ukuta wa namna hii hauwezi kuhifadhi mchoro kwa karne nyingi. Alama za watu wa kale pwani hii zitafute mapangoni na kwenye magofu.

Je, wajua kwamba katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu yapata miaka 78,000 iliyopita? Kaburi hilo lilitangazwa mwaka 2021, nalo ndilo la binadamu kongwe zaidi kujulikana Afrika. Pango hilohilo limetoa shanga, mifupa iliyochongwa mistari na vipande vya ngeu, ule udongo mwekundu ambao watu wa kale waliutumia kama rangi.

Je, wajua kwamba kaburi moja kwenye magofu ya Gede, hukohuko Kilifi, lina tarehe yake? Mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, umechorwa kwenye lipu yake ya chokaa. Gede iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Je, wajua kwamba watu wa kale walikwaruza picha za vyombo vya baharini kwenye kuta za Gede? Michoro ya aina hiyo ipo pia Kilwa, Songo Mnara na Fort Jesus. Watafiti Peter na Margaret Garlake waliikusanya na kuichapisha mwaka 1964. Tezi, mlingoti, tanga: mistari michache tu, lakini inatuonyesha jinsi vyombo vya wakati ule vilivyokuwa.

Wajua kwa nini mgeni hupita mbele ya mchoro wa namna hiyo asiuone? Jua la utosini halitii kivuli ndani ya mkwaruzo. Nenda asubuhi au jioni, mwanga unapopita ubavuni mwa ukuta. Chini ya miti ya Gede, ambako jua halifiki vizuri, mwenzako ashike tochi pembeni, karibu na ukuta bila kuugusa, akiisogeza polepole: mara utaona mstari wa tanga unajitokeza. Flashi izime, kwani mwanga wake wa mbele hufuta vivuli vyote.

Je, wajua kwamba maji ni adui wa michoro ya miambani? Kuna waliozoea kuirushia maji ili rangi ing'ae pichani. Maji yakikauka huacha chumvi, na mchoro huzidi kufifia. Kwenye miamba ya Kakapel huko Busia, Nyero nchini Uganda au Kondoa nchini Tanzania, piga picha mchoro ukiwa mkavu. Programu ya DStretch huweza kuibua rangi iliyofifia baadaye kwenye kompyuta, na mwamba ukabaki salama.

Je, wajua kwamba picha kama 25,000 za michoro ya miambani ya Afrika, zilizokusanywa na shirika la TARA la Nairobi, zilianza kuingizwa kwenye hazina ya kidijitali ya British Museum mwaka 2013? Miamba mingine huvunjwa ili kupata kokoto au kuchafuliwa kwa majina ya wapita njia. Hapo picha ndiyo inayobaki kuwa ushahidi.

Je, wajua kwamba picha moja ilirudisha vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, Kilifi? Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, vikapatikana Marekani katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili, na picha ile ikathibitisha vilikotoka. Mwaka 2007 vilirejeshwa kwa familia.

Na je, wajua kwamba picha inaweza pia kumwelekeza mwizi? Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa. Zima huduma hiyo kabla ya kurusha mtandaoni picha ya kigango au ya pango lisilo na mlinzi. Kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, omba ruhusa ya wazee kwanza. Wakikataa, kamera irudi mfukoni. Picha uliyoruhusiwa kupiga iandikie tarehe na mahali, kisha wapelekee nakala wanaolinda eneo hilo. Siku ukuta ukibomoka au kigango kikiibwa, wao ndio watakaoihitaji.