Madini ya Chuma na Watoto wa Pemba

Mtu afikaye Tumbe, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, wakati mashua zinaporejea kutoka baharini, hukuta pwani imejaa samaki wakinadiwa: changu, jodari, pweza, dagaa. Samaki ni miongoni mwa vyakula vyenye madini ya chuma yanayofyonzwa vizuri tumboni, na bila ya madini hayo mwili hauwezi kutengeneza hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kilichomo ndani ya chembechembe za damu ambacho hubeba oksijeni. Ingetazamiwa basi kwamba watoto wa kisiwa cha wavuvi wawe na damu ya kutosha. Sivyo ilivyokuwa. Uchunguzi uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wengi sana, wa shule na wadogo zaidi, walikuwa na upungufu wa damu.

Sababu zake hazikuwa siri. Mtoto wa miezi minane hali changu; hula uji, na uji wa muhogo hauna chuma cha kutosha. Akianza kutembea peku hupata minyoo ya safura, ambayo hujing'ata kwenye utumbo na kunyonya damu mchana na usiku. Tena kulikuwa na malaria, ambayo vimelea vyake hupasua chembechembe nyekundu za damu kwa mamilioni. Hapa msomaji na aangalie jambo moja, kwa kuwa makala yote haya yamelisimamia. Minyoo hukiondoa chuma mwilini kabisa. Malaria haikiondoi, chembechembe zikipasuka, chuma chake hubaki mwilini, ila mwili hukifungia ghalani. Watoto wawili waweza kuwa na weupe ule ule wa kiganja na wa ndani ya kope, lakini mmoja amepungukiwa na chuma na mwingine hakupungukiwa.

Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kundi la kimataifa la washauri wa lishe walitoa mwongozo: mahali ambapo upungufu wa damu umeenea sana, yaani asilimia 40 au zaidi, watoto wote wadogo wapewe kila siku miligramu 12.5 za chuma pamoja na mikrogramu 50 za asidi ya foliki. Wote, bila ya kupimwa. Ushauri huo ulikuwa na mantiki yake. Kupima damu ya kila mtoto ni ghali, kidonge ni rahisi, na madhara ya kukosa chuma katika utoto yaliogopwa. Pemba yenyewe ilitoa ushahidi wa upande huo: katika utafiti uliofanywa katika kijiji cha Kengeja, kusini ya kisiwa, na kuchapishwa mwaka 2001, watoto waliopewa chuma kwa mwaka mmoja walionyesha maendeleo bora zaidi katika lugha, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea vizuri zaidi hata katika viungo.

Lililobaki lilikuwa kujua kama chuma kingepunguza pia vifo na maradhi makali. Ndipo mwaka 2002 jaribio kubwa likaanza kisiwani Pemba, likiendeshwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, mwaka 2000. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa kura. Wengine walipata chuma na asidi ya foliki, wengine walipata hivyo pamoja na zinki, na wengine walipata vidonge visivyokuwa na dawa yoyote lakini vilivyofanana na vile vingine. Waliokuwa chini ya mwaka mmoja walipewa nusu ya kipimo.

Tarehe 19 Agosti 2003 sehemu ya jaribio iliyohusu chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Kamati ya kusimamia usalama, ambayo kazi yake ni kutazama hesabu mara kwa mara jaribio likiendelea, ilikuwa imeona kwamba mambo yanakwenda kinyume. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalihusu watoto 24,076. Waliopewa chuma na asidi ya foliki, kwa zinki au bila ya zinki, walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao waliopewa vidonge vitupu.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi: kama dawa ilikuwa na madhara, mbona wauguzi hawakuona? Ni swali zuri, na jibu lake ni hesabu. Tuseme kituo kimoja hulaza watoto 25 kwa mwaka. Ongezeko la asilimia 12 litawafanya 28. Ni watatu tu. Masika yakizidi kidogo mwaka huo, waliolazwa waweza kufika 35 bila ya kidonge chochote. Yakipungua, waweza kuwa 18. Muuguzi mwangalifu kupita wote hawezi kuwatambua watoto watatu katikati ya mawimbi hayo. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa sarafu. Kila mwanafunzi airushe yake mara 50 na kuhesabu mara ilipoangukia upande wa kichwa. Jibu linalotazamiwa ni 25, lakini darasani watapatikana wa 20, wa 28, pengine hata wa 31, na hakuna sarafu iliyo mbovu. Kisha hesabu zote zijumlishwe ubaoni. Wanafunzi 40 wamerusha mara 2,000, na jumla yao haitakuwa mbali na nusu. Ndiyo maana ya watoto elfu 24, na ndiyo maana ya kura: masika, umaskini na umbali wa hospitali huyagusa makundi yote sawasawa, na kinachobaki kuyatofautisha ni kidonge.

Hata hivyo hesabu hizo zisisomwe kama maandiko. Asilimia 12 ni kadirio. Watafiti walieleza kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 2 na 23. Kuhusu vifo peke yake ongezeko lilikuwa asilimia 15, lakini mpaka wake ulianzia upungufu wa asilimia 7 hadi ongezeko la asilimia 41, kwa hiyo juu ya vifo peke yake mtu hawezi kuapa kuwa haikuwa bahati tu.

Kwa nini chuma kidhuru? Vimelea vya malaria navyo huhitaji chuma, na bakteria wengi kadhalika. Mwili unalijua hilo. Maradhi yanapoingia, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, iliyotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo huzuia chuma kisifyonzwe tumboni na kisitoke ghalani. Ni mfano wa mji unaofunga maghala yake adui anapokaribia. Kumpa chuma cha ziada mtoto ambaye ghala lake limejaa, katika msimu wa malaria, huenda ni kumpelekea adui chakula nje ya ukuta. Tena mtoto anayepewa chuma huzalisha chembechembe changa za damu, na hizo vimelea vya malaria huziingia kwa wepesi zaidi. Wengine waliishuku asidi ya foliki, kwa sababu baadhi ya dawa za malaria za wakati ule zilifanya kazi kwa kuvinyima vimelea folati.

Maelezo haya yaliungwa mkono na mambo mawili. Kwanza, lilikuwapo kundi dogo ndani ya jaribio hilo hilo la Pemba ambalo damu yake ilipimwa na malaria yake kutibiwa kwa uangalifu zaidi. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika na kidonge. Pili, jaribio kama hilo lilifanywa katika wilaya ya Sarlahi, Nepal, mahali pasipo na malaria ya kiasi cha Pemba. Kule chuma hakikupunguza vifo, lakini hakikuviongeza.

Mwaka 2006 wataalamu walikutana Lyon, Ufaransa, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake: mahali penye malaria nyingi, chuma kisigawiwe kwa watoto wote bila ya kuchagua. Mabishano hayakuisha hapo. Wapo waliosema kwamba kwa hofu hiyo watoto wengi wenye upungufu wa kweli wataachwa bila ya dawa, kwa kuwa vituo vingi vya vijijini havina kipimo cha kuutambua upungufu wa chuma. Hoja hiyo ni nzito, na mimi naona haijajibiwa vya kutosha. Mwongozo wa mwaka 2016 ulirudi katikati: panapokuwa na upungufu mwingi wa damu, watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka, lakini penye malaria kitolewe tu pamoja na njia za kuizuia, kuipima na kuitibu. Kisha mwaka 2021 yakachapishwa matokeo kutoka Bangladesh, ambako watoto 3,300 wa umri wa miezi minane waligawanywa kwa kura, na baadhi yao wakapewa chuma kwa miezi mitatu. Damu yao iliongezeka, lakini maendeleo ya akili hayakupishana na ya wenzao. Hivyo hata faida iliyoonekana Kengeja sasa yaulizwa upya, ingawa watoto wa Kengeja walikuwa na upungufu mkubwa zaidi wa damu.

Na Pemba nayo haikubaki vile ilivyokuwa. Tangu mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mpya mseto za malaria, kisha vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi na nyumba zikapuliziwa dawa, na malaria ikashuka sana katika visiwa vyote viwili. Ile asilimia 12 ilipimwa katika Pemba ya 2002 na 2003. Leo mama wa Tumbe akimleta kituoni mtoto mwenye viganja vyeupe, mganga hawezi kuichukua hesabu hiyo kama ilivyo na kumkatalia kidonge, wala hawezi kumpa bila ya kuuliza. Atampima malaria kwanza. Atauliza habari ya minyoo, ya chandarua, na ya kinachotiwa ndani ya uji.

Kuhusu mama mwenyewe, akiwa mjamzito, shauri ni jingine. Majaribio ya Pemba na Nepal yalihusu watoto wadogo, na vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito havikuondolewa katika mwongozo wowote uliotajwa hapa.