Je, Wajua? Kunguru Asiye na Pori

Je, wajua kwamba kunguru anayekunyemelea pale Forodhani, Unguja, ukiwa na mshikaki mkononi hana pori? Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye Mombasa humwita kurabu, ana asili ya Bara Hindi, na hakuna mahali duniani anapojulikana kuishi mbali na watu. Simba ana mbuga, yeye ana dampo. Wahenga walisema kunguru hafugiki, na kweli hakuna aliyemfuga. Lakini siku tukihama sote, wa kwanza kulala njaa ni yeye.

Je, wajua aliyemleta Unguja? Serikali! Katika miaka ya 1890, utawala wa Waingereza ulimtaka asaidie kusafisha taka za mjini. Kazi aliifanya, ila hakuishia kwenye taka. Kufikia mwaka 1917 alikwishahesabiwa mharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na leo amejaa pwani yote na kupanda bara akifuata barabara ya Nairobi.

Je, wajua kwamba husafiri kwa meli bila nauli? Hutua bandarini, hula masalia ya jikoni, na meli ikiondoka huondoka nayo. Ndivyo alivyofika Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye alikuwa anazaliana huko, baridi na yote.

Je, wajua kiota chake kimejengwa kwa nini? Kitazame kile kilicho juu ya mwarobaini wa mtaani kwenu. Kwa chini utadhani ni vijiti vitupu. Kikidondoka ndipo utaona waya wa kufungia nondo uliookotwa kwenye nyumba inayojengwa, vipande vya nyaya za umeme, na ndani kabisa nyuzi za makumbi zilizolainishwa kwa ajili ya mayai ya rangi ya samawati yenye madoa ya kahawia. Waya hupindika, hushikana, hauozi, na mjini ni rahisi kuupata kuliko kijiti kizuri. Kwa ufundi, sina la kumlaumu. Balaa huja anapokijenga juu ya nguzo ya umeme, kwani waya mmoja ukigusa pasipotakiwa, mtaa mzima hulala gizani. Kunguru wa Tokyo, wa aina nyingine, wao huiba henga za nguo kutoka kwenye kamba za kuanikia, wakajengee viota.

Je, wajua adui yake alibaki nyumbani? Huko India kuna koeli, ndege wa jamii ya kekeo, anayetaga ndani ya kiota cha kunguru na kumwachia mzigo wa kulea. Huku kwetu koeli huyo hayupo. Kunguru wetu analea wanawe tu, kila msimu.

Wanaolipa gharama ni ndege wadogo. Chozi na kwera hunyang'anywa mayai na makinda, na kunguru wa kienyeji mwenye kifua cheupe amesukumwa nje ya miji mingi ya pwani. Wafugaji wa kuku wanajua habari ya vifaranga, sihitaji kuwasimulia.

Je, wajua kwamba Kenya ilitangaza mwaka 2024 kuwa itaangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha? Silaha ni sumu iitwayo Starlicide, inayotiwa kwenye nyama. Lakini kunguru hali chochote alichokitilia shaka, kwa hiyo siku za mwanzo hupewa nyama safi, bure, mpaka aizoee. Sumu huja baadaye. Zanzibar nayo iliwapunguza sana katika miaka ya 1990. Juhudi zikalegea, wakarudi. Taka zilikuwa bado zinawasubiri.

Je, wajua kwamba kunguru hukumbuka sura ya mtu? Mwaka 2006, huko Seattle, Marekani, mtafiti wa chuo kikuu, John Marzluff, na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa pangoni wakati wa kuwanasa kunguru saba. Baada ya hapo, aliyepita chuoni amevaa kinyago kile alizomewa, na miaka ilivyopita wazomeaji wakaongezeka, hata wale ambao hawakuwahi kunaswa. Kinyago cha pili, chenye sura ya Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais, hakikuwashughulisha.

Je, wajua kwamba kunguru mkubwa wa jangwa la Mojave, Marekani, ameneemeka kwa sababu yetu? Jangwani maji na miti mirefu vilikuwa haba. Watu wakaleta mabwawa ya majitaka, madampo, wanyama waliogongwa barabarani, na minara ya umeme ya kujengea viota. Sasa anawamaliza watoto wa kobe wa jangwani, ambao magamba yao huwa bado laini katika miaka ya mwanzo.

Na wapanda Kilimanjaro je? Kule kambi ya Barafu, zaidi ya meta 4,600 juu ya usawa wa bahari, kuna kunguru mkubwa mwenye baka jeupe kisogoni na mdomo mnene wenye ncha nyeupe. Anafuata mabaki ya chakula cha wapandaji, na zipu ya begi anaijua. Biskuti zako ingia nazo hemani.