Celeron na Pentium: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia!

Mshikaji, umejichanga, unataka kompyuta ya mtumba ufungue kijiduka cha kuchapa barua hapa Magu. Unapanda basi hadi Mwanza, unaonyeshwa mbili: moja ina prosesa ya Celeron E3300, nyingine Pentium E5200. Muuzaji anaapa Pentium ni moto wa kuotea mbali, uongeze pesa. Utafanyaje?

Zote ni za Intel. Pentium ilitoka 2008, Celeron 2009. Zote zina mwendo uleule, gigahezi 2.5, na zimepangiwa wati 65. Tofauti kubwa ni kashe, kile kimeza cha kuwekea kazi karibu: Celeron ina megabaiti 1, Pentium 2. Ni kama mkaanga sato: mwenye meza kubwa haendi stoo kila dakika. Ukichapa barua tu, huoni kitu. Ukifungua mambo mengi kwa mpigo, Pentium inatangulia kidogo.

Basi, bei zikilingana beba Pentium. Zikiachana sana, chukua Celeron, na ile chenji nunua RAM na diski ya SSD. Hapo ndipo utaona mabadiliko!

Ila zote ni wazee. Windows 11 haizitambui, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Weka Linux, ni bure.

Na kabla hujatoa noti, mwambie aiwashe, usome mwenyewe jina la prosesa kwenye skrini. Stika ya nje hubandikwa na yeyote, ati!