Kwa nini Nakuru huingia gizani ilhali Olkaria iko jirani

WAKAZI wa Naivasha na Nakuru wamezoea kuona mvuke ukifoka kutoka visima vya Olkaria, ambako mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mnamo 1981. Hata hivyo, usiku wa Agosti 25, 2023, taifa lilipogubikwa na giza, ujirani huo haukuwafaa.

Katika kupima iwapo umeme ni wa kutegemewa, wahandisi huuliza kwanza kama mitambo iliyopo inatosheleza mahitaji hata mmoja unapokarabatiwa. Hapa mvuke una sifa kubwa. Ukame wa 1999 na 2000, uliosababisha mgao wa umeme maji yalipopungua mabwawani, haukupunguza joto lililo chini ya Bonde la Ufa.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, mfumo mzima utastahimili kifaa kimoja kikubwa kikikatika ghafla? Umeme wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kila sekunde. Chanzo kikubwa kikitoweka, kasi hiyo hushuka, na ikishuka mno mitambo mingine hujizima ili isiharibike. Ndiyo sababu Olkaria yaweza kunyamaza ingawa visima vyake vingali vinafoka.

Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Zaidi ya megawati 180 zilipotea na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. (Tumbili alinusurika.) Kilichokosekana siku hiyo ni akiba ya kuziba pengo kwa haraka.

Vivyo hivyo, megawati 35 za Menengai, zilizoanza kuzalishwa mnamo 2023 karibu kabisa na mji wa Nakuru, si kinga ya mji huo. Huingia katika gridi ileile ya taifa, na gridi ikianguka huanguka nayo.

Kwa mteja, kipimo ni wastani wa saa anazokaa bila umeme, na wastani huo husomwa kwa tahadhari. Iwapo wateja 1,000 kati ya 10,000 watakosa umeme kwa saa tano, wastani utakuwa nusu saa tu. Mfugaji wa Molo aliye miongoni mwa hao 1,000, na ambaye maziwa yake yameharibika, haonekani katika hesabu hiyo.